Shangazi, mwenyekiti anataka kilomita 100 na sisi tuko kumi na tano

Shangazi shikamoo,

Naandika hii usiku wa manane, wenzangu wote ndani wamelala, mi nimekaa na kalkuleta. Mi ni mweka hazina wa klabu yetu ya huduma kwa jamii, zile klabu za kukutana mara mbili kwa mwezi, kuchangishana, kupanda miti, kupeleka mashuka wodini, we unazijua. Kwenye karatasi tuko wanachama 22. Wanaotokea kweli siku ya kazi ni 15, na hapo nimemhesabu na mzee wetu mmoja ambaye goti lilishamgomea.

Sasa mwenyekiti wetu, ambaye ni rafiki yangu wa miaka yote na ndo alinisimamia harusi, kapatwa na ugonjwa wa baiskeli. Alianza mwaka juzi sababu ya presha, daktari alimwambia afanye mazoezi, leo ana baiskeli tatu na zile kaptura za kubana anazivaa mpaka kwenye vikao. Mwezi uliopita kaja na wazo, tuandae safari ya baiskeli ya hisani, kilomita 100, watu walipe kiingilio, hela inunue viti vya magurudumu vya watoto wasioweza kutembea. Akatuwekea video za Pan-Mass Challenge ya Marekani, maelfu ya watu barabarani, hela za kupambana na saratani zinahesabiwa kwa mamilioni ya dola, aisee kikao kizima kilisimama kupiga makofi. Na mi nilipiga, Shangazi, sikatai.

Shida ni kwamba nilirudi nyumbani nikafungua stoo. Mwaka jana tulifanya matembezi ya miguu ya hisani, wazo la huyuhuyu, tukachapisha tisheti 200 sababu mchapaji alisema ukichukua nyingi bei inashuka, wakaja watu 83. Tisheti 117 ziko stoo kwangu mpaka leo, zina mwaka umeandikwa mgongoni kwa herufi kubwa kama bango kwaiyo hata kuzitumia tena haiwezekani. Tulipotoa gharama kilichobaki kilikuwa kidogo hadi tukaongezea mifukoni ili tusiaibike siku ya kukabidhi, alafu tukapiga picha tunacheka.

Nikaomba ile ramani ya njia aliyochora, nikakaa nayo, nikahesabu kila sehemu ambayo mtu wa baiskeli atakata kona au atavuka barabara kubwa. Nimepata 31. Sasa sijui 31 ni nyingi au ndo kawaida, mi baiskeli nimeacha kupanda tangu nikiwa kijana.

Kura ni wiki ijayo. Nikipinga ataona nimemgeuka mbele ya watu, na kuna ambao washaanza kusema kwenye grupu la WhatsApp kwamba mweka hazina kazi yake ni kusema hela hamna. Nikikubali na mambo yakienda kama mwaka jana, stoo yangu ndo itajaa tena. Tufanye au tuache? Na yeye namwambiaje bila kumvunja moyo?

Mweka hazina mwenye stoo

Shangazi anajibu:

Marahaba mwanangu. Hizo tisheti usizitupe, tutazirudia.

We umeuliza habari ya hela na habari ya rafiki, lakini kitu cha maana kuliko vyote umekiandika kwa kupitia tu, hiyo 31. Yaani watu 15 na kona 31, na kila kona inataka mtu wa kusimama kuelekeza. Hapo hata sijafungua ukurasa wa hesabu nishajua mmepanga kitu kisichobebeka, na siyo kwa sababu mwenyekiti wako ni mjinga, ni kwa sababu anaiona hiyo safari kwa macho ya mtu atakayefika wa kwanza. Safari ya hisani haipangwi kwa mtu wa kwanza. Inapangwa kwa yule wa mwisho, maana wa kwanza hata usipomwekea mtu barabarani atafika tu, ana saa yenye ramani mkononi na anapafahamu.

Ngoja nikupe kisa changu na sijisifii. Mwaka fulani nilikuwa kwenye klabu kama yenu, tukaandaa safari ya baiskeli, mi nikapewa kona. Nilikuwa na kibendera chekundu, chupa ya maji na kigoda. Wakaja wale wenye mbio, wamepita fyuu hata sura sikuziona, nikapiga makofi mpaka mikono ikawasha. Wakaja wa katikati wanapiga stori. Baadaye ikawa kimya, robo saa, nusu saa, jua limeshapanda, simu ikaita, njooni wote huku zawadi zinagawiwa, wameshafika wote. Nikakunja kigoda changu nikaondoka. Kumbe hiyo "wameshafika wote" ilikuwa hesabu ya macho, hamna aliyepitia orodha ya namba. Kuna mama mmoja wa makamo, baiskeli yake ile ya kapu mbele, alifika kwenye kona yangu akakuta hamna mtu, na mshale wetu wa karatasi upepo ulishaubandua, akanyoosha mbele. Tulimpata jua linazama, yuko mbali huko kwenye njia ambayo siyo yetu kabisa, amekaa chini ya mti kavua viatu, namba bado iko kifuani. Akaniambia nilidhani nimechelewa sana mkaamua kuniacha. Sikuwa na la kumjibu maana ndicho tulichofanya. Watu wa kazini kwake wote walimchangia siku ile, na mwaka uliofuata hakuja yeye wala hata mmoja wao.

Kwaiyo nikisikia klabu inataka kuandaa baiskeli, mi huwa siulizi mtapata watu wangapi. Nauliza nani atakuwa amesimama kwenye kona ya mwisho wakati wenzake wanakula.

Haya chukua kalkuleta yako. Mtu kama mwenyekiti anaenda kilomita 30 kwa saa, hiyo 100 anaimaliza kwa saa 3 na dakika 20, mkianza saa moja asubuhi saa nne na dakika 20 yuko mwisho anajipiga picha. Mtu ambaye baiskeli anaitumia Jumapili kwa Jumapili anaenda 12 kwa saa, na hapo sijahesabu kupumzika wala pancha, yeye atafika saa tisa na dakika 20 alasiri. Kati yao kuna saa 5. Hizo saa 5 ndo kona zako za mwisho mwisho zinatakiwa ziwe na mtu, gari la kufunga msafara linatembea polepole nyuma, wa huduma ya kwanza wako macho, maji hayajaisha. Kuna watu watakuambia ah, wasimamizi watahama na pikipiki, kona zikipitwa wanasogea mbele. Inawezekana kama kundi liko pamoja. Kundi likishachanika kwa masaa matano kona haipitwi, inaendelea kuvuja mtu mmoja mmoja, na huyo mmojammoja ndo hatari, maana madereva wameshazoea kwamba baiskeli zimeisha.

Sasa hapa nisikilize vizuri maana sikwambii muache. Nakwambia badilisheni umbo. Tafuteni duara la kilomita 10, barabara tulivu, kona 4. Watu wazunguke raundi wanazotaka. Mtoto na baba yake raundi moja, yule mama wa kapu tatu, na mwenyekiti wako azunguke mara 10, kilomita 100 zake hizo hapo hamna aliyemnyang'anya. Mnafungua saa moja asubuhi, saa tano kamili hamruhusu mtu kuanza raundi mpya, na kwa kuwa raundi moja kwa mwendo wa 12 ni dakika 50, saa sita mchana barabara ni tupu na we unajua kwa hakika kwamba ni tupu sababu kila mtu alikuwa anapita mbele ya meza yako kila raundi na unamtiki namba. Mwenyekiti kama anashika hata 25 kwa saa, saa tano anakuwa ameshamaliza kumi zake.

Na hesabu ya watu inakubali. Kona mbili zenye magari weka wawiliwawili, mbili tulivu mmojammoja, jumla 6. Toa mwenyekiti anayeendesha mnabaki 14, sita kona, nane mezani na kwenye maji na wa akiba, ikifika saa tatu na nusu mnabadilishana ili mtu asisimame juani masaa yote matano. Mzee wa goti mpe kiti na orodha ya namba, hiyo ndo kazi kubwa kuliko zote na haihitaji goti.

Kitu kidogo ambacho watu wanakisahau, mwelekeo. Kama kwenu magari yanapita kushoto, zungukeni ili kila kona iwe ya kushoto, kama yanapita kulia basi zote ziwe za kulia. Hivyo hakuna mtu wa baiskeli atakayekatisha mbele ya gari linalokuja. Mkikosea hapo mmejitengenezea hatari nne mara idadi ya raundi mara idadi ya watu, bure kabisa.

Duara lina ubaya wake, sitaki uje uniambie Shangazi ulinificha. Wale wa mbio watalalamika linachosha. Pia watakuwa wanawapita wa taratibu mara kwa mara, kwaiyo kabla ya kuanza waambieni wote kwa sauti, wa taratibu pembeni, anayepita anaita kabla hajapita. Na msiweke zawadi ya mshindi wala msipime muda. Hiyo siyo ushamba, ina maana kisheria, sehemu nyingi mbio za mashindano kwenye barabara ya umma zina masharti mazito kuliko safari ya kawaida. Uingereza kwa mfano mbio za baiskeli barabarani zina kanuni zake tangu 1960 na lazima polisi wajulishwe kabla, ila safari isiyo ya mashindano haiingii humo. Nyie nendeni polisi na kwa wanaosimamia barabara mapema, waulizeni kwenu ikoje, pateni jibu la maandishi. Na bima, jamani bima. Msiseme klabu ina bima. Ifungueni muisome, muulizeni aliyewauzia swali hili hili, je inafunika tukio la baiskeli barabarani lenye watu wasio wanachama. Fomu ya kusaini kwamba najiunga kwa hiari yangu ni nzuri kuwa nayo lakini mtu akiumia sababu nyie mlizembea ile karatasi msitegemee itawaokoa.

Haya hela, eneo lako. Ulichoumia mwaka jana siyo tisheti tu, ni kwamba gharama zilikuwa za aina mbili na mkazichanganya. Kuna zile ambazo aje mtu mmoja waje mia ni zilezile, ambulansi, kibali, bima, vyoo, mabango. Na kuna zinazokwenda kwa kichwa, namba ya kifuani, maji, kitu cha kutafuna. Tuseme zile za kwanza zinalingana na viingilio 70. Mkipata watu 83 kama mwaka jana, watu 70 wa kwanza wameendesha baiskeli kwa ajili ya mwenye vyoo na mwenye ambulansi, watoto wamepata 13, na hapo bado hujatoa maji. Ndo hesabu yenyewe hiyo, mwaka jana iliwauma bila kujua jina lake.

Dawa ni wadhamini wabebe ile ya kwanza yote, kabla hamjafungua usajili. Na hapa mwenyekiti alipowaonyesha video amewaonyesha nusu. Hiyo Pan-Mass Challenge ilianza 1980, Billy Starr na wenzake thelathini na kitu, wamekatisha jimbo la Massachusetts, hela waliyopata ni kama dola elfu kumi basi. Maelfu unaowaona leo wamejengwa kwa miaka. Na kitu ambacho mi ningekiiga kwao siyo ukubwa, ni kwamba kila dola anayochangisha mwendeshaji inaenda kwenye kituo cha saratani yote, gharama za tukio zinalipwa na wadhamini na njia nyingine. Ukiweza kumwambia mtu hela yako haigusi choo wala bango, anatoa kwa roho nyeupe. Wenzetu wa Lions, zile klabu za huduma kwa jamii kama yenu, wana utaratibu mzuri hapo, hela iliyochangwa na umma inakaa akaunti yake, ya kuendeshea klabu inakaa yake, hazikutani. Fanyeni hivyo hata kama hamna anayewalazimisha.

Alafu duara linakupa kitu ambacho ile njia ndefu haikupi. Mtu anatafuta wachangiaji kwa raundi. Mjomba, niahidi kiasi fulani kwa kila raundi ntakayomaliza. Ghafla kiingilio kinakuwa kitu kidogo, hela ya kweli iko kwenye ahadi, na yule wa raundi mbili mwenye ndugu wengi anaweza kuleta kuliko wa raundi kumi mwenye kaptura. Ila ahadi siyo hela mwanangu, we mwenyewe unajua, wapeni siku 14 baada ya tukio za kukusanya na mtu wa kupiga simu, la sivyo nusu itabaki hewani.

Na nikuulize kitu ambacho kwenye kikao hamna atakayeuliza. Mkichukua zile gharama mkajichangisha nyie wenyewe mkanunua viti moja kwa moja, mtapata viti vingapi? Kama ni vingi kuliko tukio litakavyoleta, semeni ukweli kwamba tukio mnalifanya ili kupata watu wapya na kujulikana. Hakuna dhambi hapo. Dhambi ni kuita hisani kitu ambacho ni sherehe yenu. Na hivyo viti, nendeni kwanza kwa wanaowapima watoto, maana kiti kinachaguliwa kwa mwili wa mtoto, hamuwezi kununua saizi moja kumi mkaenda kugawa kama madaftari.

Mwenyekiti sasa. Usimwambie kwenye kikao, na usimtumie Excel, mtu akishapenda kitu Excel anaiona ni matusi. Mpigie mwambie nataka twende hiyo njia yako, niazime moja kati ya hizo tatu, Jumamosi asubuhi. Yeye akae nyuma wewe mbele. Ndo sharti lenyewe, mwendo uwe wako. Na kila kona katika zile 31 simameni, mwulize hapa tunamweka nani, mtaje jina, mwanachama wa kweli siyo "vijana". We hujapanda miaka, kufikia kona ya nane au ya tisa utakuwa unahema, siti imekuuma, majina yameanza kuisha, na yeye atakuwa ameshuka anasukuma kwa sababu mwendo wako ni mdogo mpaka baiskeli yake inayumba. Hapo hutahitaji hotuba. Kaeni kivulini mnywe maji umwambie habari ya duara na zile raundi zake kumi, na umwombe yeye ndo alipeleke kwenye kikao kama wazo lake. We kura yako utanyoosha mkono kuunga mkono, na wale wa WhatsApp watakosa la kusema.

Kikomo cha usajili wekeni, mara ya kwanza watu 100 wanatosha, mkijaa mnafunga. Helmeti lazima, hamna cha nimesahau. Nyuma ya ile namba ya kifuani andikeni simu ya dharura ya tukio, na upande huohuo mwendeshaji aandike ya mtu wake.

Tisheti hamchapishi. Ila asubuhi ile wekeni fundi karibu na meza, ana pampu na tyubu za saizi mbili tatu, kila baiskeli anaibonyeza tairi, anajaribu breki, anageuza pedeli kuona cheni, dakika mbili, maana wengi watakuja na baiskeli iliyolala stoo mwaka mzima kama mzigo wako. Atakuwa anashika grisi tangu alfajiri na atahitaji matambara mengi sana. We si unazo 117.